Saa ya mazoezi ya baba inatoka mfukoni mwa nani?

Ndugu zangu, leo naomba niweke kando siasa na bei ya alizeti. Nataka kuzungumzia kitambi changu. Msicheke, ndani ya kitambi hicho kuna hoja.

Usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025 nilikuwa macho. Natamani niseme ni uzalendo, lakini ukweli ni kwamba mtoto wetu wa pili, wakati huo akiwa na miezi minne, alikuwa ameamua kuwa usiku ule halali mtu. Nikawa nazunguka naye sebuleni, mkono mmoja umembeba, mwingine umeshika simu. Kwetu ulikuwa usiku wa manane, Tokyo ilikuwa asubuhi, na wanaume walikuwa wakikimbia marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha. Mmoja wao alikuwa Alphonce Simbu, mwana wa mkoa huu huu wa Singida.

Mliofuatilia mnajua ilivyokwisha. Baada ya kilomita 42 na ushee, Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walifika kwenye utepe pamoja, na wote wakaandikiwa muda ule ule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha ndiyo iamue. Simbu alikuwa mbele kwa sekunde 0.03. Hapo hata kope haijapepesa! Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kabisa katika mashindano hayo, na aliyeileta ni mtu ambaye alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akachukua shaba London mwaka 2017, akachukua fedha Birmingham kwenye Jumuiya ya Madola mwaka 2022.

Nikaruka. Nikaruka tena. Niliporuka mara ya tatu ikabidi nikae chini, kwa sababu pumzi ilikuwa imekata. Mtoto akanitazama kama anayeuliza, huyu ndiye baba niliyepewa?

Nina miaka 28. Asubuhi ile ile nilikaa kwenye kompyuta nikaandika habari ndefu kuhusu furaha ya watu wa Singida, nikaeleza jinsi mkoa wetu ulivyo na watu wenye pumzi na miguu ya kazi. Niliiandika huku nimefungua kifungo cha suruali ili nipumue vizuri.

Nilipokuwa chuo nilikuwa nakimbia kila jioni. Kisha ikaja ajira, ikaja ndoa, akaja binti ambaye sasa ana miaka mitatu, akaja na huyu mdogo. Kazi ya uandishi inaonekana kama ya kukimbia huku na kule, kumbe nyingi ni ya kukaa: unakaa kwenye bajaji, unakaa kwenye semina, unakula chapati na soda za semina, unarudi unakaa kuandika. Mara ya mwisho kupanda ngazi kwa haraka nilikuwa namfuata ofisa mmoja aliyekuwa ananikwepa. Alinikwepa kweli.

Kwa hiyo nikaamua, kama Simbu ameweza, na mimi hata kilomita sita haziwezi kunishinda.

Wiki sita za raha

Tangu mwanzoni mwa Oktoba, siku tano kwa wiki, nilikuwa naondoka nyumbani saa 11:30 alfajiri, kabla giza halijaisha, na kurudi saa 12:30. Nakimbia hadi ukingo wa Ziwa Singidani na kurudi. Ambaye hajawahi kuliona ziwa hilo kunapopambazuka amekosa kitu. Mawe yetu makubwa yale yamekaa kimya, maji ya chumvi yanaanza kung'aa, siku nyingine kuna ndege aina ya heroe wamesimama kwa mguu mmoja. Na upepo wa Singida mnaujua, hauna adabu. Ukienda unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga kofi la uso.

Wiki ya kwanza nilitembea zaidi ya kukimbia. Wiki ya tatu nikaacha kusimama njiani. Wiki ya tano mkanda ukarudi tundu moja. Nikaanza kuwa mtu wa kero. Nikawa nawahubiria wenzangu kwenye mikutano ya waandishi: "Jamani, muda wa mazoezi upo. Ni suala la kujipanga tu." Aliyeniambia kwamba ana watoto wadogo nilimjibu kwa kiburi chote: "Hata mimi ninao wawili."

Wiki ya sita ikanyesha mvua ya kwanza. Sikufika hata nusu ya njia. Nikageuza, nikaingia kimya kupitia mlango wa uani nisije nikaamsha watoto.

Watoto walikuwa macho, na nadhani walikuwa macho siku zote nilizokuwa ziwani. Mdogo alikuwa mgongoni mwa mama yake kwa khanga, analia. Mkubwa amekaa sakafuni, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo, analilia uji usio na maziwa kwa sababu leo hautaki wenye maziwa. Uji wenyewe unachemka na kumwagikia jiko. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na anatakiwa awe ameshasaini daftari la mahudhurio kabla saa 1, amesimama katikati na gauni lake la kazi limelowa bega zima. Mkono mmoja una mwiko, mwingine unapiga pasi sare ya mtoto ya kituo cha chekechea.

Aliponiona hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Alisema hivi: "Baba watoto, afya yako naipenda sana. Ila mimi ndiye ninayeilipia."

Hesabu iliyonikosesha raha

Nilioga maji ya baridi siku ile. Kisha nikapiga hesabu. Saa moja mara siku tano, mara wiki sita, ni saa 30. Nilikuwa nimekopa saa 30 kwa mtu ambaye hakuombwa, na ambaye yeye mwenyewe hana akiba. Na nilizikopa saa ambazo nyumba yenye watoto wadogo inazihitaji kuliko nyingine zote. Nilikuwa narudi saa 12:30 nikiwa na jasho la ushujaa, nauliza, "Maji ya kuoga yapo?"

Hii ndiyo hoja yangu ya leo. Tunapozungumzia mazoezi na uzazi tunasema "kupata muda", kana kwamba muda umedondoka barabarani na anayeamka mapema ndiye anauokota. Penye mtoto wa miezi minne na mwingine wa miaka mitatu hakuna muda uliodondoka. Kila dakika ina mtu anayeishikilia. Ukiichukua, kuna mtu mwingine amebaki ameibeba. Kwa hiyo swali la kwanza liwe "natoa kwa nani, na nitamrudishia lini?"

Wapo watakaosema mbona mama watoto anafanya mazoezi kutwa: anafua, anadeki, anambeba mtoto, anatembea kwenda kazini. Hata mimi nilijitetea hivyo kimoyomoyo. Ni kweli kazi za mwili zina faida. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti maarufu kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anakaa kutwa, kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa kukata tiketi. Waligundua kwamba madereva ndio waliokuwa wakipata zaidi maradhi ya moyo. Wazee wetu wa Iramba na Manyoni waliolima kwa jembe la mkono na kutembea kwenda mnadani hawakuwa na haja ya kukimbia ziwani.

Lakini tusitumie ukweli huo kama kichaka cha kujifichia. Kuna tofauti kati ya mwili kushughulika na mtu kupumua. Mimi nilipokuwa nakimbia hakuna aliyeniita. Hakuna aliyeniuliza kiatu kiko wapi. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mpya kwa sababu kwa saa nzima nilikuwa wangu mwenyewe. Ndoo ya maji haimpi mama yeyote kitu hicho.

Na jambo jingine ambalo sikuwa nimeliwaza: hata kama ningebaki na watoto, mke wangu asingeweza kukimbia kwenda ziwani saa 11:30 alfajiri. Giza, mbwa, bodaboda zisizo na taa, na watu ambao mwanamke hapendi kukutana nao peke yake. Kuamka mapema, dawa tunayoandikiana sisi wanaume kila siku, ni dawa iliyopimwa kwa mwili wa mwanaume.

"Sisi tuna dada wa kazi"

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam, akanicheka. Yeye na mkewe wote wanakwenda gym jioni, na siku za mwisho wa wiki wako kwenye klabu ya jogging. Watoto? "Kuna dada."

Wasomaji wangu wa mijini, hapa naomba tuvumiliane. Singida inasifiwa huko kwenu kwa kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Lakini mnaijua pia kwa jambo jingine ambalo hatulitangazi kwenye maonesho: wasichana wa kazi. Wanapanda basi hapa stendi wakiwa na begi moja na namba ya simu ya mtu wasiyemjua. Ni dada zetu na binamu zetu. Huyo dada anaamka kabla yako na kulala baada yako, na ile saa yako ya gym imetoka kwake. Sisemi usiajiri mtu, kwani kazi ni kazi na wengi wanasomesha wadogo zao kwa mshahara huo. Nasema ukihesabu gharama ya mazoezi yako usihesabu ada ya gym peke yake. Je, huyo dada ana siku ya kupumzika? Ana jioni yake hata moja? Kama hana, ujue bili ya afya yako bado iko mezani, ila ameletewa mwingine.

Dakika 150 ni nyingi kiasi gani?

Baada ya aibu ile nilitaka kuacha kabisa. Mke wangu akakataa. Alisema hataki kuwa mjane wa kitambi. Na takwimu ziko upande wake: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa hiyo kuacha si jibu.

Nikarudi kusoma. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, zile za kukufanya uhemehe kidogo lakini bado unaweza kuongea. Zikiwa za nguvu, kama kukimbia kwa kasi, ni dakika 75 hadi 150. Juu yake, siku 2 za mazoezi ya kuimarisha misuli.

Wiki ina dakika 10,080. Dakika 150 ni kama asilimia moja na nusu tu, sawa na dakika 21 au 22 kwa siku. Tena mwongozo ule ulifuta sharti la zamani kwamba ukifanya chini ya dakika 10 mfululizo hazihesabiki. Siku hizi kila dakika inahesabika. Mimi nilikuwa natumia dakika 300 kwa wiki tena zote peke yangu, kama mbio zangu ni za Tokyo!

Kisha nikakuta jambo lililonifurahisha zaidi. Mwaka 2019 shirika hilo hilo lilitoa mwongozo wa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu au minne anatakiwa kucheza na kujishughulisha angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka kwelikweli. Kwa siku, jamani, si kwa wiki! Maana yake ni kwamba nyumbani kwetu mtu mwenye ratiba kubwa ya mazoezi ni binti yangu. Mimi nilikuwa namwacha ndani na katuni ili nikatafute mazoezi nje.

Tunavyofanya sasa

Tulikaa, tukapanga, tukaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani jikoni. Siuzi karatasi hiyo kama dawa kwa kila mtu. Naieleza ili muone kwamba inawezekana na kwamba ina gharama.

Mimi nakimbia asubuhi mbili tu, Jumanne na Alhamisi, dakika 40. Usiku wa kuamkia siku hizo sare zimeshapigwa pasi, viatu vyote viwili vimeonekana, unga wa uji umeshapimwa. Hiyo ndiyo tiketi yangu ya kutokea mlangoni.

Siku nyingine mazoezi yangu ni yale yanayorudisha muda nyumbani badala ya kuuchukua. Bomba letu lina siku zake, na siku lisipotoa, maji yanachotwa kwenye kioski. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ndoo mbili, moja kila mkono, safari tatu, bila kuweka chini njiani. Atakayeniambia hayo si mazoezi ya misuli aje ajaribu. Binti namtembeza kwa miguu kwenda chekechea, na anapogoma kutembea anapanda mabegani. Jioni tunacheza rede na kombolela uani na watoto wa jirani. Nimegundua mchezo wa rede hauna huruma kwa mtu mwenye kitambi. Wewe ndiye shabaha kubwa kuliko zote.

Yule mdogo namfunga mgongoni kwa kitenge tunakwenda dukani. Siku ya kwanza mzee mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mkeo anaumwa?"

"Hapana mzee, mzima kabisa."

Akanitazama kwa muda. "Basi wewe ndiye unayeumwa."

Vijana wa kijiweni hawakuniuliza swali. Wao walishatoa hukumu: limbwata. Mwanaume akionekana na mtoto mgongoni, Bongo hatufikirii kwamba anampenda mtoto wake. Tunafikiri amewekewa kitu kwenye chakula. Wiki mbili walicheka. Wiki ya tatu mmoja wao aliniita pembeni akauliza kwa sauti ya chini kile kitenge kinafungwaje kisilegee.

Sasa sehemu iliyo ngumu. Mke wangu alikuwa mchezaji wa netiboli. Alicheza hadi UMISETA alipokuwa sekondari, na picha anayo, mrefu kuliko wote mstarini. Tangu mtoto wa kwanza hajashika mpira. Miaka mitatu! Nilikuwa najua, lakini nilijua kama ninavyojua jina la mji mkuu wa nchi ya mbali, halikuwa jambo linalonihusu. Kwenye karatasi yetu yeye alichagua Jumatano na Jumamosi jioni, saa 10:30 hadi saa 12, na walimu wenzake kwenye kiwanja cha shule.

Jumamosi jioni ni saa ya mpira kwenye runinga. Jumatano saa 11 ni wakati ambao mhariri anapiga simu kuuliza habari iko wapi. Mara ya kwanza alipiga nikiwa nambadilisha mtoto nepi, simu nimeibana kati ya sikio na bega, binti ananisisitiza nimtazame anavyoruka kamba. Mhariri akauliza, "Uko mnadani?" Nikamjibu niko nyumbani. Akanyamaza. Ninakiri kwamba Jumatano mbili habari yangu ililala, na siku moja wenzangu wa gazeti jingine walinipiga bao kwenye habari niliyoianzisha mimi. Iliniuma. Sasa Jumatano naanza kuandika saa 12 asubuhi na kutuma kabla ya saa 8 mchana. Inayochelewa inachelewa.

Lakini mbona yeye alikuwa akipoteza mambo yake miaka mitatu na hatukuita gharama? Tuliita uzazi.

Si suala la nyumba yangu peke yake

Najua nina bahati. Tuko wawili, na tuna kazi zenye ratiba. Wako akina mama wanaolea peke yao, na wao hawana wa kubandikiana naye karatasi ukutani. Wako wanaotoka mnadani usiku. Kuwaambia hao "jipange" ni matusi. Kwa hiyo tuangalie na mambo yaliyo juu ya nyumba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaporudi kazini anastahili hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Baba anapewa angalau siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku tatu! Hata kitovu cha mtoto hakijadondoka baba ameshasaini daftari. Nyumba inafundishwa tangu wiki ya kwanza kwamba mtoto ana mtu mmoja tu anayemjua. Baadaye tunashangaa kwa nini saa za baba zinaelea na za mama zimefungwa kamba. Sheria inasema "angalau", kwa hiyo mwajiri anayetaka kutoa zaidi hajakatazwa.

Tunayo pia ile Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Mwezi Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza siku hiyo iwe ya mazoezi nchi nzima ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Ni wazo zuri na mimi nimewahi kulishangilia kalamuni. Lakini kama mwandishi nimehudhuria mazoezi ya pamoja ya aina hiyo, na kitu ninachokikumbuka ni fulana, hotuba na msafara. Watoto wadogo sikuwaona. Walikuwa wapi? Nyumbani. Na nani? Unajua na nani.

Mnaoandaa mabonanza na mbio hizi ambazo siku hizi kila mkoa unazo, ombi langu ni dogo. Wekeni kona ya watoto, kamba, mipira, kivuli, na watu wawili wa kuwatazama. Tangazeni kwamba baba na mama waje nao. Wekeni muda wa mchana kidogo, isiwe lazima alfajiri. Na halmashauri zetu, kabla ya kugawa kila kiwanja kiwe fremu za maduka, zikumbuke kwamba mtoto wa miaka mitatu anahitaji dakika 180 kwa siku na hawezi kuzikimbilia sebuleni.

Jumatano ya kwanza

Siku mke wangu aliporudi kutoka netiboli kwa mara ya kwanza, saa 12 na dakika chache, alikuwa anachechemea. Goti limechubuka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walifungwa. Alikaa kwenye ngazi ya uani, mtoto akamdaka kifuani anyonye, naye akaanza kunisimulia jinsi mwalimu wa hisabati anavyocheza rafu. Alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa kumtazama. Nikagundua kwamba kicheko kile nilikuwa nimekisahau, na sikuwa nimekisahau kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimekikopa, pamoja na zile saa 30.

Kitambi bado kipo, kimepungua nusu. Kwa kasi hii sitampata Simbu. Lakini siku hizi nikifika ziwani najua aliyenilipia, na najua Jumatano ni zamu yangu kulipa.

Wewe msomaji uliye na watoto wadogo, unafanya mazoezi? Hongera sana. Saa hiyo inatoka mfukoni mwa nani? Usinijibu haraka. Kwanza kamuulize aliyebaki nyumbani.

Naomba kutoa hoja.